Gugu Karoti: Kwa Nini Kufyeka Hakutoshi

Gugu karoti, lenye majani yanayofanana na ya karoti na maua madogo meupe, lina asili ya bara la Amerika. Hapa nchini lilibainika mkoani Arusha mwaka 2010, na huenea zaidi kandokando ya barabara na katika malisho.

Tofauti yake kubwa na nyasi zetu za asili imo ardhini. Nyasi zina mizizi mingi myembamba iliyosukana karibu na uso wa ardhi. Hiyo ndiyo inayoushika udongo mvua inaponyesha. Gugu karoti lina mzizi mkuu mmoja unaozama wima. Likitanda na nyasi zikatoweka, udongo wa juu hubaki bila kishikizo. Aidha, hutoa kemikali zinazodumaza mimea jirani.

Likifyekwa, kisiki chake huchipua na kuchanua upya. Ling'olewe pamoja na mzizi, udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa maua, kwani mche mmoja huweza kuzaa maelfu ya mbegu. Wananchi wavae glavu na kuziba pua, maana huwasha ngozi na kuchochea pumu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu, na mnunuzi hahitaji mtaalamu kumweleza. Popote lionekanapo, taarifa itolewe kwa afisa ugani wa kata.