Bunia: Freni ya mkono ikilegea, jiwe peke yake halitoshi

Mjini Bunia, jimboni Ituri, ni jambo la kawaida: pikapu inasimama, konvoyeri anaruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe limechukua kazi ya freni ya mkono.

Kwenye uwanja sawa hatari haionekani. Lakini barabara inayopita Bogoro kwenda Kasenyi inateremka sana: Bunia iko kwenye urefu wa zaidi ya metre 1.200, na ziwa Albert kwenye metre 620 hivi. Pikapu iliyojaa samaki ikisimama kwenye mlima ule na jiwe likateleza, walio nyuma yake ndio wataumia.

Kwenye pikapu nyingi, kama Toyota Hilux, freni ya mkono inavuta kamba za chuma, yaani kabule, mpaka magurudumu ya nyuma. Huko garinitiri zinafunguka na kubana tamburi kwa ndani.

Dereva anaweza kujipimia mwenyewe. Asimamishe gari pahali sawa, azuie magurudumu ya mbele kwa mawe, atoe vitesi, kisha ainue nyuma kwa kriki na kuitegemeza kwa vigogo imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na kriki tu. Halafu avute freni na kuzungusha kila gurudumu.

Mkono ukipanda juu sana na magurudumu yote mawili yazunguke, mara nyingi garinitiri zimelika au kabule imelegea. Gurudumu moja likishika na lingine lizunguke, kabule ya upande huo imekatika au imekwama, au mafuta ya ponti yamevuja ndani ya tamburi. Na kama freni imeachiliwa lakini gurudumu bado ni zito, kutu na matope vimeshika kabule. Tamburi itachemka njiani na mazuti yatakwisha mbio.

Kosa la wengi ni kukaza kabule tu. Fundi afungue tamburi kwanza, apime garinitiri na kuzirekebisha, ndipo aguse kabule. Kukaza kabule juu ya garinitiri zilizokwisha ni kuficha ugonjwa.

Wakati wa kungoja matengenezo, gari likitazama juu liachwe kwenye vitesi ya kwanza. Likitazama chini, kwenye vitesi ya kurudi nyuma. Jiwe nalo liwekwe, lakini kama msaada, si kama freni.