Lenzi ya Kuvuta ya Mtumba kwa Mpigapicha wa Pwani ya Kilwa

Mlangobahari unaoitenga Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani una upana wa takriban kilomita 2, na umbali wa namna hiyo ndio unaowafanya wapigapicha wa pwani ya Lindi waitamani lenzi ya kuvuta, yaani lenzi inayokileta karibu kitu kilicho mbali na ambayo, kwa kuzungushwa pete iliyo kiunoni mwake, humwezesha mtumiaji kupanua au kubana eneo linaloonekana bila kuhama aliposimama. Lenzi hiyo ikiwa mpya na ya daraja la juu, kwa mfano ile ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu kubwa la kupitishia mwanga, huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani, kiasi ambacho ni vigumu kurudi kwa kazi za harusi na mahafali peke yake. Kwa hiyo wengi huelekea kwenye mtumba. Mtumba wa lenzi una masharti yake, na pwani huyaongezea mengine ambayo mnunuzi wa Dodoma au Arusha hana haja ya kuyahofia sana.

Milimita zinazoandikwa kwenye lenzi hutaja umbali wa fokasi, ambao kwa lugha nyepesi ndio kipimo cha nguvu ya kuvuta: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo eneo linaloingia kwenye picha linavyokuwa dogo na kitu kinavyojaa. Hesabu yake si ngumu. Kamera yenye kihisio, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pa filamu, chenye upana wa milimita 36, ikifungwa lenzi ya milimita 300 na kuelekezwa ng'ambo ya kilomita 2, huchukua eneo lenye upana wa mita 240, na jahazi la mita 15 litakalopita mbele ya ngome ya Gereza iliyoko Kilwa Kisiwani litakuwa sehemu moja tu kati ya kumi na sita za upana wa picha. Kamera za bei nafuu zina vihisio vidogo zaidi, navyo hubana eneo hilo kwa mara 1.5 katika Nikon na Sony na mara 1.6 katika Canon, jambo ambalo kwa mnunuzi mwenye kipato cha kawaida ni faida anayopewa bure.

Hesabu hiyo humshawishi mtu kwamba dawa ni kununua milimita 600. Hapo ndipo hewa yenyewe inapokataa. Jua likishapanda, hewa iliyo juu ya maji na mchanga hupata joto kwa viwango tofauti, mwanga unaopita ndani yake hupindishwa huku na huku, na matokeo yake ni mazigazi, yale mawimbimawimbi yanayoifanya mikoko ya ng'ambo ionekane kama inacheza. Lenzi haiwezi kuyaondoa; huyakuza pamoja na kitu chenyewe, na picha ya saa 6 mchana kwa milimita 600 huweza kuwa mbaya kuliko ya milimita 200 iliyopigwa kwa kusogea karibu. Anayekodi mashua na kuvuka mapema, kabla ya saa 2 asubuhi, amenunua ukaribu ambao duka lolote la lenzi haliuzi. Lenzi ndefu, kama zile za milimita 150 hadi 600 zilizotolewa na Tamron na Sigma kati ya 2013 na 2015, zenye uzito wa karibu kilo 2 au zaidi kila moja, zina haki yake kwa anayepiga picha za ndege wa mikokoni maji yakiwa yamekupwa. Kwa wengine ni mzigo wa bega. Magofu ya Kilwa Kisiwani yenyewe, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, hayaihitaji sana: ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, chini ya kuba zake, mpigapicha hana nafasi ya kurudi nyuma wala mwanga wa kutosha, na lenzi pana ndiyo inayomfaa.

Ruangwa, mkoani Lindi, ambako klabu ya soka ya Namungo hucheza katika Uwanja wa Majaliwa, mambo ni tofauti. Mchezaji akiwa mita 50 kutoka kwa mpigapicha, milimita 200 kwenye Canon yenye kihisio kidogo huchukua kimo cha takriban mita 3.7, kwa hiyo mwili wake hufika nusu ya kimo cha picha, kiasi kinachotosha gazeti. Tatizo la hapo ni kasi na mwanga. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba ambayo, kinyume cha matarajio, ikiwa ndogo humaanisha tundu kubwa: lenzi ya 2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile ya 5.6, na jioni jua linapoanza kushuka tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mguu wa mshambuliaji utaonekana au utakuwa ukungu. Canon ilitoa lenzi yake ya 70 hadi 200 yenye tundu la 2.8 mwaka 1995, bila kitulizo cha mtikisiko, nayo ikiwa nzima humfaa mpigapicha wa mpira kuliko lenzi mpya zaidi yenye kitulizo na tundu dogo, kwa kuwa kitulizo hutuliza mkono wa mpigapicha na hakimsimamishi anayekimbia.

Kabla ya kujadili bei, ni lazima ijulikane kama lenzi itaishika kamera. Kila kampuni ina kiungio chake, ile bangili ya chuma inayofungia lenzi kwenye kamera, na baadhi ya kampuni zimekibadilisha: Canon iliacha kiungio cha FD na kuleta EF mwaka 1987, kisha ikaleta RF mwaka 2018. Lenzi ya EF hukaa vizuri kwenye kamera ya RF kwa kupitia adapta, lakini ya RF haifai kabisa kwenye kamera ya EF. Kwa Nikon, kiungio cha F kimedumu tangu 1959, ila lenzi nyingi za zamani hutegemea mota iliyo ndani ya kamera ili zilenge zenyewe, na kamera ndogo kama D3100 haina mota hiyo.

Adui mkubwa wa lenzi katika pwani hii, hata hivyo, huota ndani. Ni kuvu, ambayo wapigapicha huiita fangasi, na hustawi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 60 au 65 kwa muda mrefu, hali ambayo Kilwa na Lindi wakati wa masika ni ya kila siku, hasa kwa lenzi iliyofungiwa kwenye begi la kitambaa ndani ya kabati. Huanza kama nyuzi nyembamba za buibui, huachia asidi, na asidi hiyo hula tabaka laini lililopakwa juu ya kioo ili kupunguza mng'ao. Ikishafika hapo, fundi anaweza kuiondoa kuvu lakini kovu hubaki. Ili kuikagua, mnunuzi hufungua tundu lote, huondoa vifuniko vya pande zote mbili, humulika tochi ya simu kwa mshazari kutoka upande mmoja na kuchungulia kutoka upande wa pili huku akizungusha pete ya kuvuta. Vumbi kidogo ndani si kosa, kwani hata lenzi nzuri huwa nalo. Nyuzi zinazotawanyika kutoka ukingoni ni sababu ya kuirudisha mezani. Muuzaji anayesema kwamba kuvu haionekani kwenye picha husema kweli kwa mwanga wa kawaida, lakini huficha kwamba mbele ya jua picha itafifia.

Umbo la lenzi nalo lina maana yake. Zipo zinazorefuka zinapovutwa, na kila zinaporefuka na kufupika hunyonya hewa ya nje pamoja na chumvi na vumbi lake. Canon ya 100 hadi 400 ya mwaka 1998, ambayo huvutwa na kusukumwa kwa mkono kama pampu ya baiskeli, ni mfano ulio wazi. Zile ambazo vioo vyake husogea ndani bila mwili kubadilika urefu, kama za 70 hadi 200 za Canon zilizotajwa, hustahimili zaidi hewa ya bahari, na mnunuzi wa pwani anayesita kati ya aina hizo mbili afadhali achukue ya pili hata kama ina milimita chache. Kutu ya kijani au nyeupe kwenye kiungio na kwenye vidoti vya umeme, pamoja na mkwaruzo wa mchanga unaosikika pete inapozungushwa, huonesha kwamba lenzi imeshaishi ufukweni bila kufutwa.

Bidhaa nyingi hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka Masoko, na mazungumzo huanzia kwenye picha zilizotumwa kwa simu, ambazo hazioneshi kuvu. Ni afadhali ndugu aliyeko Kariakoo apewe kadi ya kumbukumbu, apige picha kadhaa kwa milimita ndogo na kubwa, tundu likiwa wazi, azikague kwenye kompyuta, na fedha zitumwe baada ya hapo. Kurudisha lenzi kwa basi ni mradi mwingine, na barabara ya kusini hukatika mvua zinapozidi, kama ilivyokatika kwa kimbunga Hidaya Mei 2024.

Lenzi ikishafika, haifai kulala kwenye begi. Chombo cha plastiki cha chakula chenye mpira wa kubana kifuniko, kikiwekwa ndani yake chembechembe za silika zinazofyonza unyevu, huweza kushusha unyevu hadi asilimia 40 au 50. Chembechembe za buluu zikigeuka waridi zimeshiba, na hukaushwa kwa moto mdogo kabla ya kurudishwa.