Mtaro Uliozibuliwa ni Sehemu ya Kinga

Mwaka wa fedha wa halmashauri nchini Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mwaka wa mbu hufuata mvua. Jijini Dar es Salaam, masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia Kinondoni hadi Temeke, thamani ya kazi ya mafundi wanaochimba, kujenga na kuzibua mitaro hutegemea namna kalenda hizo mbili zinavyokutana. Zikipishana, athari zake huonekana katika zahanati.

Sababu yake ni ya kibiolojia. Mbu jike wa jamii ya Anopheles, aenezaye malaria, hutaga mayai juu ya maji yaliyotulia. Katika joto la pwani, yai hupitia hatua ya kiluwiluwi na buu na kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Mtaro ambao maji yake yanakwenda haumpi nafasi hiyo. Mtaro uliojaa mchanga, mifuko na chupa humpa. Maji machafu yaliyotuama huwafaa mbu wa jamii ya Culex, ambao katika mwambao wetu hueneza minyoo ya matende na mabusha. Aidha, mafuriko yanapozoa kinyesi vyooni na kukiingiza katika maji ya kunywa, kipindupindu hupata njia. Mlipuko mkubwa wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni kabla ya kuenea katika mikoa mingine.

Jiji hili limewahi kupima jambo hilo kwa vitendo. Mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Kudhibiti Malaria Mijini, uliohusisha kata 15 za manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Wakazi wa mitaa husika walifundishwa kukagua madimbwi na mitaro, na kuanzia mwaka 2006 dawa ya kibiolojia ya kuua viluwiluwi ilianza kunyunyizwa katika baadhi ya kata. Sambamba na hayo, kati ya mwaka 2005 na 2007, mitaro miwili ilisafishwa baada ya wananchi kuelimishwa, kisha watafiti wakalinganisha afya ya majirani wa mitaro hiyo na ya watu walioishi kando ya mitaro mingine.

Matokeo yalitia moyo. Baada ya usafishaji, uwezekano wa mkazi kukutwa na vimelea vya malaria ulishuka sana ukilinganishwa na kabla yake. Ulinganisho wa namna hiyo hauondoi kila sababu nyingine, lakini mitaa ambayo mitaro yake haikuguswa ilibaki na hatari kubwa zaidi. Hata hivyo, funzo kubwa lilikuja baadaye. Miezi 18 baada ya kazi ya kwanza, mtaro mmoja ulikuwa bado safi, maji yake yakipita bila kizuizi, kwa sababu matunzo yaliendelea. Katika mtaro wa pili, upungufu wa nyenzo na wa mwitikio wa wahusika ulidhoofisha mafanikio.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza mpango wa mwaka. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ni wakati wa kujenga kuta zilizobomoka na kurekebisha mwinamo, na Septemba ni mwezi wa kuzibua kabla ya vuli. Januari na Februari mitaro izibuliwe tena, kwa kuwa vuli huacha mchanga mwingi. Tope lililochotwa lisilundikwe ukingoni, maana mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Gari la kulizoa liwe katika bajeti ileile ya makoleo.

Ugumu mmoja ni wa kiutawala. Tangu mwaka 2017, barabara za mitaa pamoja na mitaro yake zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ilhali taka ngumu zimebaki mikononi mwa halmashauri. Mtaro mmoja hivyo una wenyewe wawili, na matunzo hufanikiwa pale wanapokubaliana mapema nani anachimba, nani anazoa na lini.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Taka isitupwe mtaroni wala bomba la choo lisielekezwe humo. Makopo na matairi yenye maji yamwagwe kila wiki, kwani humo huzaliana mbu wa homa ya dengi, iliyolikumba jiji mwaka 2014 na 2019. Chandarua kiendelee kutumika, na mwenye homa apimwe mapema. Mtaro unapoonekana kuziba, taarifa ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla mawingu hayajatanda: mtaro wa pili nao ulisafishwa, ila mafanikio yake yalidhoofika.