SOMO LA REDIO: CHUO CHA DAWA CHA BINAFSI, TUUZE SHAMBA AU TUNGOJE?

Mwenye daftari na afungue ukurasa mpya. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano, nanyi myasome kwa sauti: famasi, ada, ithibati, usajili, stashahada. Kila neno litaelezwa litakapofika mahali pake.

Somo la leo latokana na barua. Mama mmoja wa Muleba, mkoani Kagera, ambaye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima kama nyinyi, ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe. Kijana wake amemaliza Kidato cha Nne. Amepata D ya Kemia, C ya Biolojia, D ya Fizikia na C ya Kiswahili. Alitaka kusomea dawa katika chuo cha Serikali, lakini hakupata nafasi. Sasa amefika mtu nyumbani na karatasi zenye picha za rangi, akasema chuo fulani cha binafsi kinamtaka kijana, ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka, na nafasi zimebaki chache, kwa hiyo alipe wiki hii. Mama hana fedha hizo. Anacho kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba, na humo amezikwa mumewe na baba mkwe wake. Anauliza: “Je, mwalimu, niuze sehemu ya kibanja, au ningoje?”

Swali hili si dogo. Wale wanaotoka Bukoba na Muleba wajua kwamba kuuza kibanja si sawa na kuuza mbuzi. Basi na tulipime taratibu.

Kwanza, kijana atasomea nini? Famasi ni elimu ya dawa: kuzitengeneza, kuzitunza, kuzipima na kumpa mgonjwa pamoja na maelezo. Neno hilohilo latumika pia kwa duka kubwa la dawa. Mwenye shahada ya chuo kikuu huitwa mfamasia. Husoma miaka minne, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi. Aliyesoma chuo cha kati miaka mitatu hupata stashahada, naye huitwa mteknolojia wa dawa. Kijana wa mama yetu anaitafuta hiyo stashahada. Kuingia kwahitaji ufaulu wa masomo manne, yakiwemo Kemia na Biolojia, na masomo ya dini hayahesabiwi. Kijana anazo sifa. Hakunyimwa kwa kuwa hafai, bali kwa kuwa waombaji walikuwa wengi na viti vichache.

Wengine watasema, kuhesabu vidonge kwahitaji miaka mitatu? Sikilizeni mfano huu. Mtoto ana homa, naye ana uzito wa kilo 12. Ameandikiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo. Zidisheni: 12 mara 15 ni miligramu 180. Chupa ya dawa ya maji imeandikwa kwamba kila mililita 5 zina miligramu 120. Basi mtoto apewe mililita 7.5, yaani kijiko kidogo kimoja na nusu. Sasa mtoa dawa aliyesoma kwa kubabaisha aiache ile nukta, aandike 75. Mama akimnywesha mtoto kiasi hicho, amempa mara kumi ya kipimo, na ini la mtoto laweza kuharibika. Nukta moja tu! Au chukueni oksitosini, sindano ya kuzuia damu kumtoka mno mama aliyejifungua. Dawa hii hutunzwa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiachwa rafuni katika joto hupungua nguvu polepole, wala kwa macho huoni tofauti. Atakayejua ni yule mama anayetokwa damu usiku. Kwa hiyo tupimapo ubora wa chuo, hatupimi faida ya kijana wetu peke yake.

Je, vyuo vya binafsi vimetoka wapi? Mwaka 1977 sheria ilikataza watu binafsi kutoa matibabu kwa faida hapa nchini. Hospitali za mashirika ya dini ziliendelea. Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa, mlango ukafunguliwa tena. Hospitali na maduka ya dawa yaliongezeka, na wenye kuyahudumia wakahitajika. Kwa muda mrefu wafamasia wetu walifundishwa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako masomo hayo ya shahada yalianza mwaka 1974. Mahali pamoja hapakuweza kuitosheleza nchi nzima. Siku hizi wafamasia hufundishwa pia katika vyuo vikuu vya mashirika ya dini, kama kile cha Bugando mjini Mwanza na cha St. John's mjini Dodoma, na vyuo vya kati vya binafsi vya kufundisha stashahada vimefunguliwa katika mikoa mingi.

Hapo ndipo ilipo faida ya kwanza ya vyuo hivi, nayo ni kubwa: vinatoa nafasi. Kijana mwenye sifa akikaa nyumbani mwaka mmoja, miwili, masomo humtoka kichwani, na huenda akaoa kabla hajarudi darasani. Tena haja ya watu hawa ni ya kweli. Wengi wenu mmeona zahanati ambako muuguzi mmoja huzalisha, huchoma sindano, kisha hukimbilia dirishani kutoa dawa. Mnayajua pia maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003. Wauzaji wake hufundishwa kwa wiki chache tu. Si kosa lao, lakini aliyesoma miaka mitatu ajua zaidi. Vyuo vingine vya binafsi vina walimu hodari, na vingine hukubali ada ilipwe kwa awamu. Si haki kuvitia vyote katika kapu moja.

Sasa tuje kwenye ada, yaani malipo ya masomo. Yule mgeni alitaja shilingi 1,500,000, mama akazidisha kwa tatu akapata 4,500,000. Hesabu yake ni sahihi, ila haikukamilika. Andikeni pamoja nami. Hizi ni namba za mfano, kila mmoja aweke za chuo chake.

Ada 1,500,000.
Malazi 400,000.
Chakula, shilingi 4,000 kwa siku kwa siku 280: 1,120,000.
Nauli 200,000.
Koti jeupe, sare na vitabu 150,000.
Mitihani, bima na michango mingine 250,000.

Jumlisheni. Mnapata 3,620,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 10,860,000. Hiyo yapita mara mbili ile aliyoihesabu mama. Akiuza kipande cha kibanja kwa 4,500,000, kijana atasoma mwaka wa kwanza, ataingia wa pili, kisha fedha zitakwisha. Kibanja kimekwenda na stashahada haipo. Mimi huogopa zaidi mwisho wa namna hii kuliko kijana kutokwenda chuoni kabisa.

Mkopo je? Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, na fani za afya zikiwamo. Kijana aulize Bodi ya Mikopo kama kozi yake na chuo chake vimo mwaka anaoomba. Lakini mkopo huombwa, wala si kila aombaye hupata. Usiuze kitu leo kwa kutegemea mkopo wa kesho.

Sasa neno ithibati. Nitawaeleza kwa jambo lililonipata mwenyewe, maana bado laniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenye chuo kimoja cha binafsi, jina sitalitaja. Jengo lilikuwa zuri, na ukutani palikuwa na cheti cha usajili chenye muhuri. Nikaridhika, tukalipa. Baada ya miezi saba ikajulikana kwamba chuo kilisajiliwa kweli, lakini kwa kozi nyingine. Kozi ya famasi ilikuwa haijapata kibali. Mpwa wangu alipoteza mwaka na dada yangu akapoteza fedha. Mimi msomi wa kijiji nilikuwa nimesoma cheti chote isipokuwa ule mstari uliohitajika! Basi ithibati ni uthibitisho kwamba kozi yenyewe imekaguliwa ikaonekana inafaa. Chuo kuwa na usajili ni jambo moja, na kozi kuwa na kibali ni jambo lingine.

Nani hutoa vibali hivyo? Kwa vyuo vya kati ni baraza liitwalo kwa kifupi NACTVET. Hilo huchapisha kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili, kinachoonyesha majina ya vyuo, kozi zake, sifa za kuingia, idadi ya wanafunzi wanaoruhusiwa, na ada. Hupatikana bure kwenye mtandao; mwenye simu kubwa pale kijijini aombwe akifungue. Angalieni ile idadi. Kama chuo kimeruhusiwa kupokea wanafunzi 100, nawe ukakuta mia tatu wamejibana darasani, umekwisha kupata jibu.

Tena lipo Baraza la Famasi, lililo chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Hili ndilo huandikisha watu wenyewe. Kijana akihitimu hana budi kuandikishwa na Baraza hili ndipo afanye kazi ya dawa kihalali. Ndiyo maana nasema mzazi halipii karatasi ya chuo. Alipia jina la mwanawe kuingia katika orodha ya Baraza. Chuo ambacho wahitimu wake hawaingii katika orodha hiyo, hata kikiwa na bustani ya maua, hakina cha kukuuzia.

Kasoro za vyuo vingine huonekana mtu akienda mwenyewe. Mwenye chuo aishi kwa ada za wanafunzi, kwa hiyo hushawishika kupokea wengi na kununua vifaa vichache. Nendeni siku ya kazi, si siku ya sherehe. Ombeni kuiona maabara ikitumiwa. Hesabuni mizani, mwulize kila mzani watumiwa na wanafunzi wangapi. Ulizeni walimu ni wa chuo hicho au hupita tu wakitoka chuo kingine. Zaidi ya yote, ulizeni wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani, kwa wiki ngapi, na nani huwasimamia. Chuo kilicho na hospitali kubwa jirani kina nguvu sana. Kutoa dawa hakufundishwi kwa chaki peke yake. Kisha zungumzeni na wanafunzi wa mwaka wa tatu nje ya lango, maana ndani ya ofisi watawajibu kwa adabu tu.

Kuhusu kazi, tusidanganyane. Stashahada haimpi mtu ajira papo hapo. Serikali hutangaza nafasi na waombaji huwa wengi. Wapo wahitimu waliongoja miaka. Hospitali na maduka ya binafsi huajiri, mara nyingine kwa mshahara mdogo. Wala mteknolojia asidhani atafungua famasi yake na kuisimamia peke yake, kwani msimamizi wa famasi ni mfamasia mwenye shahada. Aliyefaulu vizuri stashahada anaweza kuomba kuendelea na shahada, lakini hiyo ni miaka mingine na fedha nyingine.

Sasa mama yetu wa Muleba, nakujibu kama ndugu. Yule mgeni usimlipe wiki hii. Huenda analipwa kwa kila kichwa anachokileta, na haraka ni yake, si yako. Kijana aombe tena chuo cha Serikali dirisha likifunguliwa, na wakati uleule achague vyuo viwili vya binafsi vilivyomo katika kitabu cha mwongozo. Nendeni mkavione, hata kama ni kuvuka ziwa mpaka Mwanza. Nauli hiyo ni ndogo kuliko hasara. Waite shemeji zako na wajomba wa kijana, uwaonyeshe hesabu ya miaka yote mitatu, kila mmoja aseme mbele ya wenzake atatoa nini. Kama ukoo waweza kubeba mwaka wa pili na wa tatu kwa kahawa, ndizi na michango, basi chuo kizuri cha binafsi chafaa, nami ningempeleka wangu. Kama njia pekee ni kukiuza kibanja, ngoja. Kijana ana umri wa kungoja mwaka mmoja, na mwaka huo auze kahawa yenu na kuweka akiba.

Zoezi la darasa. Andikeni barua fupi kwa mkuu wa chuo, yenye tarehe, anwani na maswali manne: Je, kozi ya famasi ina ithibati, na tangu lini? Jumla ya malipo yote kwa mwaka ni kiasi gani? Mazoezi hufanyika hospitali gani? Wahitimu wangapi wa mwaka uliopita wamesajiliwa na Baraza la Famasi? Wasomeeni wenzenu barua hizo kwa sauti, na mwalimu asahihishe herufi kubwa na vituo.