Serpico: askari aliyekataa mgao

Filamu ya Serpico, iliyoongozwa na Sidney Lumet mwaka 1973, inasimulia kisa cha kweli cha Frank Serpico, askari kanzu wa New York aliyekataa rushwa. Al Pacino ndiye aliyeigiza nafasi yake.

Rushwa hiyo ilikuwa na utaratibu. Askari walikusanya fedha kila mwezi kutoka kwa wachezesha kamari, kisha wakagawana. Asiyepokea fungu lake alihofiwa, kwani angeweza kuwataja wenzake.

Serpico aliwaarifu wakubwa wake bila mafanikio. Mwaka 1970 gazeti la New York Times lilifichua habari hizo, na Meya John Lindsay akaunda tume iliyoongozwa na Whitman Knapp. Februari 1971 Serpico alipigwa risasi usoni katika msako wa dawa za kulevya huko Brooklyn. Alinusurika, na Desemba akatoa ushahidi hadharani.

Tume iliwagawa wala rushwa makundi mawili: "wala nyama", waliozisaka fedha, na "wala nyasi", waliopokea zilizowajia. Ilisema hao wa pili ndio kiini cha tatizo, kwani wingi wao uliipa rushwa heshima.

Hapo ndipo uzito wa filamu ulipo: Serpico hakupambana na jambazi mmoja, bali na mazoea.