Je, Samaki Huitika Akiitwa?

Taru si nchi ya wavuvi. Ni nyika kavu iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Voi, na tangu zamani wapita njia waliijua kwa ngurunga zake, yaani mashimo ya mwambani yawekayo maji ya mvua. Hata hivyo, mkulima wa Taru mwenye kambare katika silanga yake, na mvuvi wa Msambweni atupaye mshipi baharini, wote wawili waweza kuvutwa na kitu kimoja kiuzwacho siku hizi: chambo cha bandia chenye betri, kitoacho mlio ndani ya maji. Muuzaji huahidi kwamba samaki watasikia na kuja. Kabla mtu hajatoa fedha zake, yafaa ajue ukweli ulivyo.

Kwanza, samaki wana masikio, ila hayaonekani, kwa kuwa yamo ndani ya kichwa. Tena ubavuni wana mstari wa viungo vidogo vya kuhisi mtikiso wa maji. Sauti majini huenda yapata mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Basi mvuvi agongaye mtumbwi kwa kasia amekwisha kujitangaza.

Pili, samaki hawasikii sawasawa. Kambare ana vifupa viunganishavyo kibofu chake cha hewa na masikio, kwa hiyo husikia vizuri kuliko samaki wengi. Huko Hungary, tangu zamani wavuvi hupiga maji kwa kijiti maalum ili kambare wakubwa wapande kutoka vilindini. Papa naye hufuata mlio mzito wa kukatika-katika, kama wa samaki atapatapaye. Wataalamu wa Marekani walieleza jambo hili mwaka 1963. Lakini wavuvi wa kisiwa cha New Ireland, Papua New Guinea, walilijua zamani: wao humwita papa kwa kutikisa vifuu vya nazi majini, navyo havina betri.

Tatu, sauti hufukuza pia. Katika pwani ya Afrika Mashariki wako wavuvi wapigao maji kwa miti ili samaki wakimbilie nyavuni. Mlio umwitao mmoja humtorosha mwingine.

Kwa hiyo mwenye kununua chambo hicho na akijaribu kwa haki. Atwae mishipi miwili yenye chambo cha namna moja, mmoja ulie na mwingine unyamaze, mahali pamoja na saa ile ile, akibadilishana upande kila siku. Aandike hesabu katika daftari kwa muda wa majuma kadhaa. Siku moja ya bahati haithibitishi neno. Mwisho alinganishe samaki waliozidi na bei ya chombo na betri zake.

Liko na jambo kubwa zaidi. Huko Australia wataalamu waliweka vipaza sauti kwenye vipande vya matumbawe yaliyokufa, wakapiga sauti za mwamba wenye uhai, ambao daima hulia kwa kamba na samaki wake. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba baada ya siku 40 samaki walikuwa maradufu ya wale wa mahali palipo kimya. Matumbawe ya Kenya yaliumizwa sana na joto la bahari mwaka 1998, na mwamba uliokufa hunyamaza. Basi mwamba ulio hai ndio mwitaji bora.

Kuita samaki si kuzaa samaki. Silanga yenye kambare 30 haitakuwa na 31 kwa sababu ya mlio. Bali itamalizika upesi. Mkulima aachaye wadogo wakue, na mvuvi asiyevunja matumbawe, hao ndio watakaokuwa na wa kuitwa mwakani.