Bangladesh: Nchi Inayoishi na Mafuriko ya Mito

Kila mwaka, katika msimu wa mvua za monsuni unaoanza mwezi Juni, mito ya Bangladesh hufurika na kufunika takriban moja ya tano ya nchi. Mwaka 1998 hali ilikuwa mbaya zaidi: karibu theluthi mbili ya nchi ilikuwa chini ya maji, na baadhi ya maeneo yalibaki hivyo kwa zaidi ya miezi miwili.

Chanzo kikuu ni umbile la nchi yenyewe. Bangladesh ipo kwenye delta tambarare ambako mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna hukutana kabla ya kuingia Ghuba ya Bengal. Zaidi ya asilimia 90 ya eneo linalokusanya maji ya mito hiyo lipo nje ya mipaka yake, hivyo nchi hupokea maji ambayo haina mamlaka ya kuyazuia. Hatari huongezeka pale Ganges na Brahmaputra zinapojaa kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, si kila mafuriko ni maafa. Kibengali hutofautisha barsha, mafuriko ya kawaida yanayoleta rutuba mashambani na samaki, na bonna, yale yanayoharibu mpunga, kubomoa nyumba, kumomonyoa kingo na kuchafua maji ya kunywa, hali inayosababisha magonjwa ya kuhara.

Kwa miongo mingi, Serikali ya nchi hiyo imejenga matuta kandokando ya mito. Matuta hayo yameokoa mashamba mengi, lakini yana mipaka yake. Tuta linapobomoka, maji huingia kwa kasi kubwa. Aidha, maji ya mvua yanaweza kunaswa ndani ya tuta kwa kukosa njia ya kurudi mtoni.

Kwa sababu hiyo, matuta huenda sambamba na tahadhari ya mapema. Kituo cha utabiri wa mafuriko kilichoanzishwa mwaka 1972 hufuatilia vina vya mito na kutoa taarifa siku kadhaa kabla. Vijijini, wananchi huinua misingi ya nyumba na visima juu ya kiwango cha mafuriko, na shule zilizojengwa mahali palipoinuka hutumika kama makimbilio.

Taarifa hizo huokoa maisha pale zinapomfikia mwananchi mapema, naye akawa na mahali salama pa kuhamishia familia, mifugo na chakula chake.